Wiki ya Kuwinda Musi katika Pwani ya Newfoundland: Tathmini ya Kambi na Mwongozaji Wake

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kambi ndogo ya uwindaji iliyoko upande wa magharibi wa Great Northern Peninsula, ile rasi ndefu inayopanda kuelekea kaskazini katika kisiwa cha Newfoundland, nchini Kanada. Kambi hiyo huwapokea wageni kutoka nje ya jimbo kwa wiki moja moja na kuwapatia malazi, chakula, mwongozaji na leseni ya kumwinda musi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, mwenye pua nene iliyoinama, miguu mirefu na, kwa upande wa madume, pembe pana zinazoanguka kila majira ya baridi na kuota upya. Nilikwenda pamoja na wawindaji wawili wenye leseni, mimi nikiwa mgeni wa kuandamana asiyebeba bunduki, nafasi ambayo kambi nyingi za huko huiuza kwa bei ya chini. Jina la kambi sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona yanahusu jiko na hesabu za malipo, na katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake lawama huwafikia hata wasiohusika. Hukumu yangu naiweka mbele: mwongozaji alistahili kila senti, jiko halikustahili, na kile kilichotangazwa kwa maandishi makubwa kuliko vyote, yaani pembe, ndicho nilichokiona kina thamani ndogo.

Tangazo la kambi linazungumzia “mila ya kale” ya kuwinda musi, na hapo panahitaji kusahihishwa kidogo kabla mtu hajatoa fedha zake. Musi si mnyama wa asili wa kisiwa hicho. Jozi ya kwanza ililetwa mwaka 1878 kutoka Nova Scotia, kisha mwaka 1904 wakaachiwa wanne, madume wawili na majike wawili kutoka New Brunswick, karibu na Howley katika sehemu ya magharibi ya kisiwa. Wakati huo Newfoundland haikuwa hata sehemu ya Kanada, kwa maana ilijiunga mwaka 1949. Mbwamwitu wa kisiwani walikuwa wakielekea kutoweka, chakula kilikuwa tele, na leo wanahesabiwa musi zaidi ya 100,000, idadi inayoifanya Newfoundland kuwa miongoni mwa mahali penye msongamano mkubwa kabisa wa mnyama huyu duniani. Kabla yake, mnyama mkubwa aliyewindwa kisiwani alikuwa yule aitwaye caribou, wa jamii hiyohiyo ya kulungu, ambaye ndiye mwenyeji halisi. Kwa hiyo mila tunayoizungumzia ina umri wa vizazi vichache tu, na mimi sioni kwamba jambo hilo linaipunguzia hadhi. Linalonishangaza ni jinsi ilivyozama haraka katika maisha ya watu, hata ikawa leo hakuna nyumba niliyoingia ambayo friza yake haikuwa na nyama ya musi au haikuwa ikiisubiri.

Sababu ya kuzama huko inafahamika ukiitazama bahari. Vijiji vya pwani hii viliishi kwa chewa wa Atlantiki, samaki aitwaye cod kwa Kiingereza, kwa karne kadhaa, na watu walipanga nyumba zao kandokando ya ghuba ndogo, migongo yao ikielekea msituni. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wa chewa kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno, na watu wapatao 30,000 katika jimbo wakapoteza riziki. Vijana wengi waliondoka. Waliobaki waliendelea na kamba na kaa kwa wenye vibali, kazi za msimu na, wakati wa vuli, msitu. Musi mmoja mzima huilisha familia kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika mahali ambapo bidhaa za dukani husafirishwa kwa meli na lori kabla ya kufika, nyama hiyo ina uzito katika bajeti ya nyumba. Mwenye kambi tuliyofikia, kama wenye kambi wengi, ana mashua gatini na huwapokea wawindaji pale msimu wa uvuvi unapokuwa umekwisha.

Jambo la pili ambalo mgeni anapaswa kulielewa ni sheria, kwa sababu ndiyo inayoamua anachokinunua. Mkazi wa jimbo hupata leseni kwa droo: huomba mapema katika mwaka, hutaja maeneo anayoyataka kati ya maeneo yaliyopewa namba, na aliyekosa mara kadhaa hupandishwa daraja ili nafasi yake iwe bora zaidi mwaka unaofuata. Leseni nyingine huruhusu mnyama wa jinsia yoyote na nyingine dume pekee, na watu wawili wanaweza kuomba kwa pamoja wakashirikiana mnyama mmoja. Mgeni wa nje ya jimbo hashindani katika droo hiyo. Leseni yake hupitia kwa mwenye kambi aliyeidhinishwa, ambaye amegawiwa idadi maalumu, na kwa kawaida mgeni huyo haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo anayelipia wiki ya kambi analipia kwanza njia halali ya kuingia msituni, kisha elimu ya mtu mwingine, na mwisho kabisa kitanda na sahani. Kambi nyingi hutangaza kana kwamba mpangilio ni kinyume chake.

Nilidhani nitakuta wenyeji wanawachukia wageni kwa kupewa leseni bila kusubiri. Nilichokisikia hasa ni mazungumzo ya droo yenyewe: nani amepata, nani amekosa, nani amepewa eneo la mbali ambalo kumtoa mnyama kutamvunja mgongo. Zipo pia leseni zinazotolewa kwa vikundi visivyo vya biashara, ambavyo nyama yake hupikwa katika chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, na hizo huzungumziwa kwa heshima ya pekee, kwa kuwa aliyepewa kazi ya kumwinda mnyama huyo anajua kwamba kijiji kizima kitaonja matokeo.

Sasa niingie kwa mwongozaji, maana yeye ndiye huduma. Alikuwa mzee wa makamo, mvuvi wa zamani wa chewa, mwenye desturi ya wazee wa pwani ile ya kumwita kila mwanamume “mwanangu” hata kama wamelingana umri. Jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa upepo. Musi haoni vizuri sana, lakini hunusa na husikia kwa namna inayokatisha tamaa, na mzee huyo hakupiga hatua hata moja asubuhi kabla ya kuachia unga kidogo kutoka kwenye kichupa na kuutazama unakoelekea. Mara mbili tulirudi nyuma njia nzima na kuzunguka kinamasi kwa sababu unga ule ulikuwa umeelekea kule tulikotaka kwenda. Mmoja wa wenzangu alilalamika kwamba amelipia kuwinda, si kutembea. Mzee hakujibu, na nadhani alifanya vyema.

Tulikuwa pale mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba, wakati wa majira ya kupandana, ambapo dume huacha tahadhari yake na kuitikia sauti ya jike. Mwongozaji alikuwa na baragumu la gome la mbetula lililokunjwa na kushonwa pembeni, kifaa ambacho watu wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki ya Kanada, wale wa bara, wamekitumia kwa musi tangu zamani, na ambacho Wami'kmaq wa kisiwani, kama wale wa Conne River upande wa kusini, wanakijua vilevile. Aliweka mdomo wake kwenye upande mwembamba, akaanza na sauti ya chini, akaivuta ikapanda na kutetemeka, kisha akaielekeza ardhini ili ifie hapo. Alifanya hivyo mara moja tu, halafu akanyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kuwafanya wageni wadhani amesahau. Baadaye alichukua mfupa mkavu wa kombe la mkono wa musi, ambao alikuwa ameubeba mgongoni safari nzima bila kutueleza ni wa nini, akaanza kuukwaruza kwenye matawi makavu na kuvunja vijiti kwa buti lake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya dume mwingine anayesugua pembe zake kwenye vichaka. Dume halisi alijibu kutoka ng'ambo ya kinamasi, mkoromo mfupi uliorudiwa kila alipopiga hatua, na tuliusikia ukikaribia kabla hatujauona mti hata mmoja ukitikisika.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya fedha zilizolipwa. Dume alitokea, akasimama ndani ya maji ya dimbwi, mbavu zake zote zikiwa wazi, umbali ambao mpiga bunduki yeyote angeupenda. Mwenye leseni aliinua raifali. Mwongozaji akaweka kiganja juu ya mtutu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Si huko, mwanangu. Akianguka majini, sisi ndio tutakaolala majini.” Mnyama wa kilo mia nne na zaidi hawezi kuburutwa kutoka kwenye tope na watu wanne, na nyama iliyolowa maji ya kinamasi huharibika. Tukangoja. Dume alitoka polepole, akasimama kwenye mteremko mkavu wenye vichaka vifupi, akageuza ubavu, na risasi moja ikatosha. Mwongozaji wa aina nyingine, hasa yule anayefikiria bakshishi, angeruhusu risasi ya kwanza na kuacha tatizo la maji kwa baadaye.

Kazi iliyofuata ilichukua saa nyingi kuliko uwindaji wenyewe, na matangazo ya kambi hayaigusi hata kwa sentensi moja. Kwanza lebo ya leseni hufungwa kwenye mnyama, kisha matumbo hutolewa upesi ili joto liondoke, kwa kuwa ngozi ya musi ni nene na nyama iliyofunikwa nayo huvunda hata siku ya baridi. Mzee alikuwa na kisu kifupi kuliko nilivyotarajia. Alichana kutoka kifuani kwenda chini akiwa ameweka vidole viwili chini ya makali ili asitoboe utumbo, akatenga moyo na ulimi katika mfuko wa kitambaa cheupe, kisha akamgawa mnyama robo nne na kuyavika mapaja mifuko ileile ili nzi wasiyaguse na hewa ipite. Taya la chini alilikata na kuliweka pembeni, kwa sababu idara ya wanyamapori hupokea mataya hayo kutoka kwa wawindaji ili kupima umri wa wanyama kwa kukata meno na kuhesabu tabaka zake, na takwimu hizo husaidia kupanga idadi ya leseni za miaka inayofuata.

Kutoka pale hadi njia ya pikipiki za magurudumu manne palikuwa na msitu wa misonobari iliyodumazwa na upepo wa bahari, mifupi kama kimo cha mtu na iliyosokotana kiasi kwamba unaweza kuikanyaga juu bila kufika chini. Kulibeba paja la musi mgongoni katika kichaka cha namna hiyo ni kazi ambayo picha za wawindaji wakitabasamu nyuma ya pembe hazisemi. Nilibeba mkono mmoja wa mbele, ulio mwepesi kuliko paja, na sina hamu ya kurudia. Pembe zilibebwa mwisho, kwa kamba, na mwenzangu aliyezitaka sana alibaki nyuma yetu sote. Anayeinunua huduma hii anapaswa kujua kwamba kambi haina watumishi wa kubeba; mwongozaji hubeba sehemu yake na zaidi, na mgeni anatarajiwa kubeba yake.

Nyama ilitundikwa katika kibanda cha mbao kando ya nyumba, milango ikiwa wazi upande wa kaskazini, ikakaa pale siku kadhaa ili ilainike. Wakati huo kijiji kilianza kupita. Hapakuwa na mwaliko, na hakuna aliyeomba. Mtu alisimama, akatazama, akataja unene wa mafuta mgongoni, akauliza ameuawa wapi, akaondoka na kifurushi. Katika familia za pale, aliyepata mnyama hutoa sehemu kwa wazee ambao hawawezi tena kuingia msituni, na kwa nyumba iliyokosa leseni mwaka huo, ambayo mwaka mwingine itafanya vivyo hivyo. Wageni wetu walikuwa na haki ya kuchukua nyama yao yote, na kambi iliwaambia hivyo wazi. Hata hivyo mwongozaji aliwaeleza desturi, bila kuwashinikiza, nao wakaachia robo moja. Ningependa kambi yenyewe iwaeleze wageni jambo hili kwa maandishi kabla ya safari, kwa maana anayesafiri kwa ndege mara nyingi hawezi kubeba nyama yote na huishia kuamua mambo hayo kwa haraka akiwa uwanja wa ndege wa Deer Lake.

Katika jiko la jirani, ambako tulikaribishwa kwa sababu ya mwongozaji wala si kwa sababu ya kambi, niliona nyama ikitiwa kwenye chupa. Mama wa nyumba aliikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akaondoa kila uzi mweupe wa misuli, akaweka kipande cha mafuta ya nguruwe ya chumvi chini ya kila chupa, kitunguu kidogo, chumvi nusu kijiko, kisha akaishindilia nyama hadi karibu na shingo bila kuongeza hata tone la maji, kwa maana nyama hutoa maji yake yenyewe. Chupa zilifungwa vifuniko vya bati na kuchemshwa kwa saa nyingi, na zilipotolewa na kupoa vifuniko vilibonyea kimoja kimoja kwa mlio mkavu, naye akavihesabu kwa kusikiliza bila kugeuka kutoka kwenye sinki. Nyama hiyo, ikipashwa moto na kuliwa na viazi pamoja na yale matunda madogo mekundu machungu ya nyikani wanayoyachuma vuli hiyohiyo, ni laini kuliko nyama yoyote ya musi niliyoila mahali pengine, na ladha yake ni nzito bila kuwa kali.

Kuna maonyo mawili hapa. La kwanza ni la afya: wapishi wengi wa zamani huchemsha chupa katika sufuria ya kawaida, ilhali wataalamu wa usalama wa chakula wanasisitiza sufuria ya presha kwa nyama, kwa kuwa vijidudu vinavyoleta sumu ya botulizimu hustahimili maji yanayochemka na huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 100. Uliza imepikwaje kabla ya kukubali zawadi ya chupa, na usione haya kuuliza. La pili linamhusu msomaji Mwislamu: mafuta ya nguruwe yako karibu katika kila chakula cha asili cha pwani hiyo, ikiwa ni pamoja na chupa hizi na mchuzi unaomwagwa juu ya samaki, na mnyama mwenyewe huuawa kwa risasi na mtu ambaye hana habari na taratibu zetu. Kambi ilipoulizwa mapema ilikubali kuandaa samaki na mboga kando, jambo ambalo naliandika kwa sifa yake.

Sifa za jiko la kambi, bahati mbaya, zinaishia hapo. Nyama ya musi ilikuwa imening'inia hatua chache kutoka mezani, na tulipewa kuku aliyepakwa chenga za mkate aliyetoka kwenye boksi la friza, piza ya dukani na supu ya kopo. Newfoundland na Labrador, jimbo ambalo kisiwa hiki ni sehemu yake, ni miongoni mwa sehemu chache za Kanada ambapo sheria huruhusu mikahawa yenye kibali kuuza nyama ya mnyama wa porini aliyewindwa, na kando ya barabara namba 430 mtu anaweza kula supu au baga ya musi bila kumjua mwindaji hata mmoja. Inakuwaje basi kwamba mgeni aliyelipa maelfu ya dola anakula vizuri zaidi kwenye mkahawa wa barabarani kuliko katika kambi ya uwindaji? Jumapili ndiyo siku pekee jiko lilipoamka: nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyochemshwa pamoja na kabichi, tanipu, karoti, viazi na mfuko wa njegere za manjano, chakula cha Jumapili cha kisiwa kizima, na kando yake paja la musi lililookwa polepole. Aliyepika siku hiyo ndiye yuleyule aliyepasha piza siku nyingine, kwa hiyo ujuzi upo.

Malazi hayana mengi ya kusema. Vyumba ni vya mbao, vina joto la jiko la kuni, maji ya moto hutosha watu wawili kisha hukatika, na jenereta huzimwa usiku. Kwa watu wanaolala wakiwa wamechoka kiasi kile, inatosha.

Bei ndiyo sehemu inayotaka macho. Wiki ya musi katika kambi za Newfoundland hugharimu dola elfu kadhaa kwa mwindaji, na bei hutangazwa mara nyingi kwa dola za Marekani kwa kuwa wateja wengi hutoka huko. Juu yake huongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 15 ya jimbo hilo, bakshishi ya mwongozaji, na nauli ya ndege hadi Deer Lake au ya feri inayovuka usiku au mchana kutoka North Sydney hadi Port aux Basques. Anayeingia Kanada na bunduki yake hujaza tamko la silaha mpakani na kulipa ada yake, nalo hudumu siku 60. Hayo yote yanajulikana. Ambalo halikuwa wazi katika mkataba wetu ni gharama ya kukata, kufunga na kugandisha nyama, iliyojitokeza siku ya kuondoka kama malipo ya pembeni, fedha taslimu, bila risiti. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa, na kazi ilifanywa kwa usafi. Lakini nyama ndiyo sababu ya watu wa pwani hiyo kuingia msituni, na kambi inayoiweka chini ya “mengineyo” katika orodha ya bei, huku ikiweka picha ya pembe kwenye ukurasa wa kwanza, inauza sehemu ya mila isiyo na mizizi pale.

Usalama ninautaja kwa ufupi, isipokuwa barabara. Musi hugongwa na magari kwa mamia kila mwaka katika kisiwa hicho. Mnyama huyu ni mrefu kiasi kwamba taa za gari dogo hupita chini ya tumbo lake, na anapogongwa miguuni mwili wake wote huangukia kioo cha mbele. Kambi ilitutaka tufike kabla ya giza na ilikataa kumruhusu mgeni mmoja aondoke alfajiri, ikamtafutia nafasi katika ndege ya mchana. Wengine wangeona ni usumbufu. Mimi naona ni huduma.

Wapo watakaouliza kama ni haki kumuua mnyama huyu kwa kulipia. Kila mtu ana jibu lake, ila katika Newfoundland swali lina upande wa pili. Musi wasio na adui wa kutosha hula miche ya misonobari hadi msitu ushindwe kujirudisha, na hali katika hifadhi ya taifa ya Gros Morne, iliyo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1987, ilifikia mahali ambapo tangu 2011 wawindaji wa jimbo huruhusiwa kuingia hifadhini wakati wa msimu ili kuwapunguza. Ukipita barabara ya pwani utaona vipande vya msitu vilivyobaki nyasi na mashina meupe. Pale mwongozaji alisimamisha gari bila kuombwa na kutuonyesha miche iliyotafunwa kwa kimo kimoja, mwaka baada ya mwaka, akatueleza ni ipi iliyokuwa na umri wa mtoto wake.

Je, ningependekeza kambi hii? Kwa mwindaji anayetaka pembe kubwa, hapana. Musi wa kisiwa hiki hawana pembe za kushindana na wale wa Alaska au Yukon, na kambi inayoahidi hivyo inamdanganya. Kwa anayetaka kujifunza jinsi watu wa pwani wanavyoishi na mnyama huyu kuanzia upepo wa asubuhi hadi kifuniko cha chupa, ndiyo, ilimradi aombe mambo fulani kwa maandishi kabla ya kulipa amana: nani atakayekata nyama na kwa bei gani, chakula cha kila siku kitatoka wapi, mwongozaji mmoja atahudumia wawindaji wangapi, na kama mgeni anaruhusiwa kukaa siku moja zaidi baada ya mnyama kupatikana bila kutozwa wiki nyingine. Kuhusu majira, anayetaka kusikia dume akiitikia baragumu aombe wiki za mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, ambazo huuzwa mapema sana; wiki za baadaye hazina mwito, lakini nyayo husomeka kwenye theluji, nzi hawapo, na nyama inaweza kuning'inia kibandani muda mrefu bila wasiwasi. Mimi nikirudi, nitaomba hizo za baadaye, na mwongozaji yuleyule.